Pompe Zilizolika na Treni ya Kongolo

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilizuiwa. Niliwaambia wazazi wangu, niliwaambia wanaume wawili waliokuja kuniposa, niliwaambia hata wasikilizaji wa redio ya mji siku nilipoalikwa kuzungumzia wanawake na kazi za mikono. Nilisema kwamba mimi, Bea, binti wa karani wa reli, nilikuwa njiani kurudi Lubumbashi kumaliza masomo ya chuo kikuu, na kwamba Shefu wa Pompe, mkuu wangu wa kazi, alinishika mkono pale Kongolo, akaniteremsha kwenye treni na kunirudisha Kindu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuiangalia injini. Ni hadithi nzuri. Ina vita, ina treni, ina mzee mkali na msichana anayelia. Kasoro yake ni moja tu: hakuna aliyenizuia.

Vijana wa atelye, karakana ya reli, wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukitengeneza pompe zilizolika, ndizo pampu za dizeli za injini, katika miaka ya vita, wakati hapakuwa na kipuri hata kimoja. Nitaandika. Lakini siwezi kuieleza kazi bila kusema kwa nini niliingia humo, na ukweli ni kwamba niliingia ili niondoke.

Nilikuwa nimekuja Kindu likizo kusalimia wazazi, na mfuko mmoja wa nguo na vitabu vichache. Dada yangu mkubwa, Mado, ambaye mimi humwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa ameolewa Lubumbashi na ameniwekea chumba nyuma ya nyumba yake. Kisha vita vikafika, treni ya kusini ikasimama, na mji ukafungwa mimi nikiwa ndani, kama kuku aliyeingia jikoni kuokota punje mlango ukarudishwa.

Kila asubuhi nilikwenda stesheni kuuliza treni itaondoka lini. Mkuu wa stesheni alikuwa mtu mpole, lakini hata upole una mwisho. Siku moja aliniambia, "Mamzele, treni haina pompe. Ukitaka kuondoka, wende kule atelye uwasaidie."

Alikuwa anafanya mzaha. Mimi sikuwa katika hali ya kuelewa mzaha. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja atelye.

Seksyo, yaani idara, ya pompe ilikuwa chumba kirefu mwisho wa jengo. Madirisha yake yalifungwa hata wakati wa joto, na sakafu ilimwagiwa maji ya mto kila asubuhi ili vumbi lisiinuke. Shefu wa Pompe alikuwa Mwislamu wa mjini, wa zile familia za zamani zilizotuachia Kiswahili chetu. Alivaa kofia nyeupe iliyopigwa pasi, juu ya nguo za kazi ambazo rangi yake ilikuwa imekwisha kusahaulika. Aliniuliza ninataka nini. Nikasema ninataka kazi.

"Umesomea nini?"

"Fasihi."

"Njo nini hiyo?" Huku kwetu tunasema "njo" badala ya "ndio".

"Vitabu, Shefu. Riwaya. Mashairi."

Akawageukia mafundi wake. "Munasikia? Tumepata muntu wa mashairi. Sasa pompe zetu zitalia vizuri." Walicheka wote. Kisha akasema, bila kucheka, "Onyesha mikono." Akazitazama kucha zangu, nilizokuwa nimezifuga kwa bidii kubwa kwa kuwa hapakuwa na jambo lingine la kufanya katika mji uliofungwa. "Hizi kata. Nawa. Halafu urudi."

Kwa asiyejua, niseme kwa ufupi. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mazutu, ndiyo dizeli kwa jina letu la huku, hupigwa ndani kama ukungu kwa nguvu ya kutisha. Anayepiga ni pompe. Ndani yake, kwa kila silinda ya injini, kuna pistoni nyembamba inayotoshana na kidole cha mtoto, na ala yake ya chuma tunayoiita shemizi. Viwili hivyo husuguliwa pamoja kiwandani, na nafasi inayobaki kati yao ni ndogo mno, unywele hauwezi hata kuota ndoto ya kupita humo. Hakuna mpira wala pete ya kuzuia mazutu isirudi nyuma. Kinachozuia ni ule ubanano wenyewe. Ukivitenganisha, kila kimoja ni kipande cha chuma tu. Kwa hiyo pale atelye viliitwa mume na mke, na kila ndoa ilikaa ndani ya kopo lake la sardini, ndani ya mazutu safi, na kifuniko juu.

Nilirudi na kucha fupi. Shefu alinipa kopo moja akaniambia nivitoe, nivioshe, niviunganishe. Nilifanya kwa uangalifu wote wa mtu aliyefaulu mitihani. Nilivitoa, nikaviosha, nikapanguza pistoni kwa ncha ya kitenge changu, nikaiingiza. Ilifika nusu, ikagoma. Nikasukuma. Ikagoma zaidi.

"Umepanguza na nini?"

"Na kitenge, Shefu. Ni kisafi, nimekifua jana."

"Kisafi kwa macho yako. Kwa pistoni, huu uzi mumoja njo pori la Punia. Haipite." Aliichukua kwangu, akaitumbukiza tena katika mazutu, akaishika kwa mkia, si kwa kifua, kwa sababu jasho la kidole huacha kutu. Kisha akainamisha shemizi, akavuta pistoni nje kidogo, akaiachia. Pistoni ikateremka yenyewe, polepole, kama mama mjamzito anayekaa kitini. "Hii iko mzima," alisema. Akachukua kopo lingine, akafanya vilevile. Pistoni ikaanguka *tik*, mara moja. "Na huyu amelika. Mazutu itapita pembeni, nguvu hakuna. Umeona? Hakuna kingine cha kujua. Kingine chote njo uvumilivu, na weye unaonekana hauna."

Alisema kweli. Sikuwa nao. Nilihesabu kila pompe tuliyoifungua kama hatua moja kuelekea Lubumbashi. Mafundi wengine walipokwenda kula, mimi nilibaki nikiuliza lokomotivi ile kubwa iliyolala kwenye banda itapata pompe lini. Shefu alinijibu, "Lokomotivi haikimbie, Mamzele. Kukimbia njo weye."

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ilikuwa kwamba ndoa haivunjwi. Pistoni ya shemizi hii haiingii katika ile. Ukizichanganya mezani, umeua pompe mbili. Lakini sheria hiyo iliandikwa na watu wenye vipuri. Sisi hatukuwa na kitu. Kilichokuwepo ni rundo la pompe zilizokufa nyuma ya banda: za malori yaliyokwama njia ya Lubutu, za vinu vya kusagia mihogo, za jenereta ambazo wenyewe walikuwa wamekimbia. Shefu alikaa akilitazama rundo lile siku nyingi. Kisha akasema neno ambalo mafundi wa zamani walilipokea kama kufuru.

"Tutatoa talaka."

Tulizifungua pompe zote zilizokufa, tukatenganisha waume na wake, tukaanza kujaribu kila pistoni katika kila shemizi. Nyingi zilianguka *tik*. Tulichotafuta ni pistoni iliyogoma kuingia, iliyokuwa nene kidogo kuliko shemizi iliyopanuka kwa kulika. Ikigoma, tulifurahi. Ndipo tuliisugua kwa dawa laini kabisa ya kung'arishia chuma, kidogo kidogo, tukiizungusha kwa vidole, tukiosha, tukijaribu, mpaka ikubali kuingia na kuteremka kama yule mama mjamzito. Ukisugua mno, umemaliza bahati yako. Fundi mmoja aliyedhani anaweza kuharakisha kwa dawa ya meno alipanua shemizi nzuri kuliko zote, na Shefu hakumsemesha kwa wiki nzima. Kwa mtu aliyependa kutaniana kama yeye, hiyo ilikuwa adhabu kali.

Mimi ndiye niliyeonekana kuwa na vidole vya kazi ile. Ninasema "nilionekana" kwa sababu nilikataa kuamini. Nilijiambia ni bahati, nilijiambia ni kwa muda, nilijiambia kwamba mtu aliyesoma riwaya nene anaweza kuzungusha chuma kwa saa tatu bila kuchoka, hakuna la ajabu. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nikisikia pistoni zikianguka.

Baadaye nilipelekwa bandarini, chini ya Mkuu wa Bandari, mtu mnene aliyesema kwa sauti ya kuvukisha mto. Kazi yangu ilikuwa kuzihudumia injini za mashua kubwa za mbao tunazoziita balenyeri, zilizoshuka Lualaba kwenda Lokandu na kurudi na samaki wakavu. Huko ndiko nilikojifunza habari ya mawese.

Mazutu ilikuwa imekwisha mjini. Iliyobaki ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Lakini mawese yalikuwepo, maana miti ya michikichi haikusikia habari za vita. Manahodha wakaanza kuyachuja kwa kitambaa, kuyapasha moto na kuyachanganya na mazutu kidogo waliyoweza kupata. Shefu alipopata habari alishika kichwa. Mawese huganda asubuhi kukiwa na ubaridi, huacha utomvu ndani ya klape, ndizo vali, huziba enjektere, zile ncha zinazorusha mafuta kama ukungu. Yote hayo ni kweli, na yote yalitokea. Tulitumia miaka kukwangua utomvu. Balenyeri zilipita mtoni zikinuka kama mandazi, na watoto wa Alunguli, ng'ambo ya mto, walikimbia ukingoni wakidhani kuna sherehe.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Pompe iliyolika, iliyokuwa haiwezi kuwasha injini kwa mazutu safi, iliiwasha kwa mawese. Mimi ndiye niliyemletea Shefu habari hiyo, na alinituma nikajaribu tena kabla hajanijibu. Kisha akacheka peke yake.

"Njo vile," alisema. "Mawese iko nzito. Inaziba pale penye pamelika. Mazutu iko nyepesi, inatoroka. Kama weye."

Miaka ikapita hivyo. Siwezi kuwadanganya vijana kwamba tulikuwa mashujaa. Tulikuwa na hofu na njaa, na mara kwa mara mtu mwenye silaha aliingia katika kile chumba chenye sakafu iliyolowa, na viatu vyake vya matope, akataka jenereta ya mkubwa wake iwake kabla ya jua kuchwa. Shefu alimwambia avue viatu. Ninakumbuka mmoja aliyevua.

Hatimaye mapigano yakatulia na habari ikaja kwamba njia ya reli mpaka Kongolo imefunguliwa. Lokomotivi yetu itaondoka. Kutoka Kongolo, injini nyingine ingeyachukua mabehewa mpaka kusini. Pompe ya lokomotivi ile ilikuwa na ndoa mchanganyiko za talaka zetu, na nyingi kati ya hizo niliziunganisha mimi. Yaya Mado alipata ujumbe kupitia simu ya mawimbi ya wamisionari kwamba ninakuja. Akajibu kwamba chumba kipo, na kwamba atanisubiri stesheni.

Shefu aliniandika katika kundi la mafundi wa safari, aliloliongoza mwenyewe, ili nipate nafasi. Baba alilia akaninunulia viatu. Mimi niliaga kila mtu, hata watu nisiowapenda.

Sasa, mazutu tuliyopewa kwa safari ile ilikuwa nzuri, safi, nyepesi, iliyoletwa kutoka kusini. Wote tulishangilia tulipoiona. Hilo ndilo kosa ambalo mafundi wa Kindu tu wangeweza kulifanya: kwa miaka tulikuwa tumezipima pompe zetu kwa mafuta mazito, tukasahau kwamba zilikuwa zimelika. Tuliondoka vizuri, kwa kuwa injini ilikuwa baridi. Tulipofika Kibombo dereva akaizima kupisha ukaguzi wa njia, na ilipofika saa ya kuondoka ikakataa kuwaka. Mazutu ilikuwa imepata moto, imekuwa nyepesi kama maji, inapita pembeni ya kila pistoni. Tuliifunika pompe magunia yaliyolowa ili ipoe. Ni dawa ya kawaida, na kwa pompe iliyolika kidogo inatosha. Hii ilikuwa imelika zaidi ya kidogo.

Abiria walikuwa wamejaa mpaka kwenye paa. Mtu mmoja alipaza sauti, "Fundi mwanamuke, utatuzeesha hapa!" Sikuwahi kuitaka treni iende kama siku ile. Ndipo nilipowaona akina mama wa Kibombo wamepanga vyombo vya mawese kando ya reli, wakisubiri wateja. Nilimtazama Shefu. Naye alikuwa anawatazama.

"Shefu, tusifanye?"

"Tufanye, mutoto. Lakini usiambie muntu."

Tukachuja kwa kitambaa cha kichwa changu, tukapasha moto, tukachanganya. Lokomotivi ikawaka kwa moshi mweusi na harufu ya mandazi, na abiria wakaimba mpaka Samba.

Hivyo tulifika Kongolo. Injini ya kusini ilikuwa inasubiri, nzima, imeoshwa. Mabehewa yakaunganishwa. Lokomotivi yetu ilipaswa kurudi Kindu na mabehewa ya chumvi na sabuni, vitu ambavyo mji wetu ulikuwa umevisahau. Shefu alinisindikiza mpaka kwenye behewa. Maneno yake yalikuwa haya, na ni haya tu, sikuyaandika popote lakini sijayapoteza: "Panda, Mamzele. Kamate masomo. Umefanya kazi."

Nikapanda. Nikakaa karibu na dirisha. Nilikuwa nimeisubiri nafasi ile kwa miaka, na niliipata pembeni ya mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili. Ndipo niliposikia, upande wa pili wa stesheni, wanaiwasha lokomotivi yetu. Walikuwa wameiongezea mazutu safi juu ya mchanganyiko. Sauti ilianza kupwaya: silinda ya tatu ilikuwa inakosa pigo. Nilijua ni ndoa gani. Nilikuwa nimeizungusha mwenyewe kwa siku mbili.

Nilimwambia yule mama, "Nilindie nafasi, ninakwenda kuwaambia neno moja tu."

Niliteremka. Nikawaambia lile neno. Halafu nikaona kwamba wamelifunga bomba la mafuta vibaya, nikawaambia la pili. Halafu nikavua viatu vya Baba nisivichafue, nikapanda juu ya lokomotivi. Honi ya treni ya kusini ikalia. Shefu alinitazama akiwa chini.

"Treni yako inaenda."

"Ninajua."

Alinipa kitambaa cha kufutia mikono na kugeuka.

Nyumbani nilisema kwamba alinizuia. Nilihitaji kusema hivyo. Ningewezaje kumweleza Baba, aliyelia na kuninunulia viatu, kwamba kati ya chuo kikuu na silinda ya tatu nilichagua silinda ya tatu? Mimi mwenyewe sikuelewa. Baba alikasirika, na kwa muda mrefu alipokutana na Shefu njiani hakumsalimia. Shefu alimsalimia vilevile, kila mara. Hakuwahi kunikanusha mbele ya mtu.

Miaka baadaye, alipokuwa mgonjwa, nilikwenda kumwona, nikaanza kwa maneno mengi, kama kawaida yetu sisi tuliosoma fasihi.

"Shefu, kuna jambo la Kongolo..."

"Watu banasema nilikukamata mukono."

"Ndiyo, Shefu. Mimi ndiye niliye..."

"Mukono gani?"

"Sijui. Wa kulia, nadhani."

"Basi kama niliukamata, niliukamata vizuri," akasema, akaomba maji.

Baada yake alikuja Ingenia, ndivyo tunavyomwita mhandisi, mtu wa Katanga, kijana aliyejua kila kitu kuhusu pompe mpya na hakuamini hata kimoja kati ya visa vyetu. Alipiga marufuku talaka, na alikuwa na haki, maana sasa vipuri vilikuwa vinafika. Alipoondoka, niliachiwa seksyo. Hivyo nikawa Shefu mimi mwenyewe, na kila mwaka niliendelea kuwaambia watu kwamba mwaka huu ndio wa mwisho, chumba changu Lubumbashi kinanisubiri. Sikuolewa kwa sababu nilikuwa naondoka. Sikujenga kwa sababu nilikuwa naondoka. Nilipanda mti mmoja wa parachichi, na hata huo niliupanda kwenye kiwanja cha jirani.

Kisha ngozi ya mikono yangu ilianza kupasuka. Miaka ya kuitumbukiza katika mazutu haikuisamehe. Daktari akasema basi. Nikastaafu kabla ya umri, seksyo nikamwachia Furaha, mwanamke niliyemfundisha mwenyewe, mama wa watoto watatu, mkali kuliko mimi. Nikamwambia kila mtu kwamba sasa hakuna cha kunizuia. Yaya Mado alisema kwenye simu, "Sawa, tutaona," kwa sauti ambayo sikuipenda.

Juma lililopita treni ilitangazwa, nikaenda stesheni. Sanduku langu likapakiwa mapema. Nilipewa nafasi dirishani. Na injini, kama mnavyotarajia, ikakataa kuwaka.

Nilikaa dakika chache. Nilivumilia mpaka mtu aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama ninaumwa. Kisha nikateremka, nikaenda mbele, nikamkuta Furaha ameinama juu ya injini.

"Mama Bea, weye leo njo abiria. Kaa."

"Ni silinda ya nne. Ndoa imelika. Ninaisikia."

"Hapana, Mama."

"Furaha, mimi pompe hii ninaijua tangu..."

"Mama. Rudia kukaa."

Sikukaa. Nilisimama nyuma yake, nikihama kutoka mguu huu kwenda ule, nikimpa mashauri ambayo hakuyaomba. Alinivumilia kama mtu anavyomvumilia inzi. Mwishowe akanionyesha bomba la mpira linalovuta mazutu kutoka tangi. Lilikuwa limepasuka chini, mahali pasipoonekana. Injini ilikuwa inakunywa hewa. Pompe haikuwa na kosa lolote. Akakata kipande kilichoharibika, akafunga upya, akatoa hewa. Injini ikawaka. Nilitega sikio nikitafuta kasoro, nikitumaini kuipata, na sikuipata.

"Umeona?" alisema Furaha, akipanguza jasho kwa mkono. "Kwenda salama, Mama. Usituwaze."

Nilirudi kando ya behewa langu. Hakuna aliyenihitaji. Njia ilikuwa wazi. Abiria walikuwa wanapanda, na mimi nilisimama chini nikiishika ngazi kwa mkono mmoja, na mguu wangu haukuinuka. Ndipo simu ikalia. Yaya Mado.

"Umepanda?"

"Bado."

"Injini imekufa tena?"

"Imewaka. Ilikuwa bomba tu, si pompe. Mimi nilidhani ni silinda ya nne, kwa kuwa ukisikiliza vizuri..." Nikaanza kumweleza habari za hewa na mazutu, na jinsi Furaha alivyokata mpira ule sawasawa kabisa, na jinsi watu wasiojua huilaumu pompe kwa kila kitu. Aliniacha nimalize.

"Bea. Treni inaondoka?"

"Inapiga honi."

"Na weye uko wapi?"

"Chini."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na mtu wa kumsingizia.

"Yaya," nikasema, "ile siku ya Kongolo, hakuna mtu aliyenizuia."

"Najua."

"Nani alikuambia? Shefu?"

"Huyo Shefu wako mimi sijamwona hata siku moja. Nilikuja stesheni kukupokea, Bea. Watu wa behewa lako walishuka, nikawauliza. Mama mumoja wa kuku akaniambia: ule dada wa Kindu alinipa nafasi nimulindie, anaenda kusema neno moja. Tukamuona juu ya lokomotivi, miguu mitupu, anaimba."

"Sikuimba."

"Uliimba. Mama wa watu angenidanganya kwa nini? Nilirudi nyumbani nikalia, halafu nikacheka. Sikiliza, usikasirike. Kile chumba nimemupa mutoto wa jirani, anasoma huku, tangu mwezi uliopita. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Behewa likatikisika. Ngazi ikaanza kutoka mkononi mwangu, polepole, nami nikaiachia. Madirisha yakapita, moja baada ya jingine, na nafasi yangu ndani yake.

"Bea? Uko nalia?"

"Hapana. Treni imeondoka."

"Na sanduku lako?"

"Liko ndani."

Yaya Mado alicheka mpaka akakohoa.

"Basi nitalipokea," akasema. "Hilo angalau limekuja."